Kunyamaza Sokoni

Anayeuza pikipiki iliyotumika huko Ivuna, akijua chasisi ilikatika ikachomelewa, ana deni la kusema? Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, mwaka 44 kabla ya Kristo aliwapambanisha wanafalsafa wawili: Diogenes wa Babeli, aliyeona yatosha muuzaji kutaja kasoro ambazo sheria inadai zitajwe, na Antipater, aliyemtaka aseme yote. Nasimama na Antipater. Rangi mpya iliyopakwa juu ya mshono wa kulehemu inamwambia mnunuzi kwamba chuma ni kizima. Oili nzito iliyomiminwa ili ringi zilizochakaa zisitoe moshi wa bluu inasema injini ni nzima. Hapo hakuna ukimya tena. Mtume Muhammad alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha chini.

Watasema: mnunuzi aje na fundi wake, na bei ya chini ni onyo tosha. Aje, ndiyo, na aiwashe injini ikiwa baridi. Lakini fundi hukagua kinachoonekana, nacho kilichofichwa kimefichwa dhidi yake hasa. Tena bei hupatanwa na watu wawili tu, ilhali kwenye bodaboda hiyo atapanda mama mjamzito anayewahi zahanati, ambaye hakupunguziwa hata shilingi.