Kila jina lina mwenyewe

Wanangu mnaoshika kompyuta hapa Likasi, maofisini, mashuleni na kwenye zahanati, nawasihi mnisikilize. Amri iitwayo sed, iliyopo tangu miaka ya 1970, hubadilisha neno katika mafaili elfu kwa kufumba na kufumbua. Nguvu hiyo isiwalevye.

Chukueni jina la ziwa letu, lile lililotokea mto Lufira ulipozuiwa Mwadingusha. Wengine huliandika Tshangalele, wengine Changalele. Kijana anataka maandishi yote yafanane, na kwa uvivu wa vidole anaandika `sed -i 's/Tsh/Ch/g' *.txt`. Jina la ziwa limekaa sawa, lakini Tshombe amekuwa Chombe, na kila Tshibangu aliyemo kwenye orodha amekuwa Chibangu. Akishtuka na kuigeuza amri ili arudi alikotoka, Chanda naye anakuwa Tshanda. Yaliyokuwa mawili yamekwisha kuwa moja, na kompyuta haikumbuki nani alikuwa nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Wa kuteseka ni mtoto ambaye jina la diploma yake halilingani na la cheti cha kuzaliwa.

Majina ya mahali nayo huharibika hivyo hivyo. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa majimbo manne. Ukibadilisha kila "Katanga" kuwa "Haut-Katanga", unaipotosha Kolwezi iliyo Lualaba, na Kalemie iliyo Tanganyika. Na palipokwisha andikwa Haut-Katanga patasomeka Haut-Haut-Katanga.

Basi shikeni haya. Anzeni na grep, amri ya kutafuta neno, muone kila mstari utakaoguswa. Andikeni neno zima, si kipande chake. Tumieni sed kwanza bila `-i`, matokeo yaje kwenye skrini tu na faili libaki lilivyo. Nakilini folda yote mahali pengine kabla ya kubadilisha chochote. Msitegemee `-i.bak`, inayowawekea nakala ya faili, peke yake: mkiirudia amri, nakala mpya, ambayo tayari imeharibika, huifuta ile ya asili. Mkimaliza, linganisheni mafaili ya zamani na mapya kwa `diff -r`, mstari kwa mstari.

Mkubwa wa ofisi akiwaharakisha, mwombeni kwa heshima awape muda wa kukagua. Orodha mliyokabidhiwa ni amana, na kila jina lililomo lina mwenyewe.