Onani Aliuawa kwa Kosa Gani?

Kuna sura moja ya Biblia ambayo vijana wa Mbagala na Tegeta wanaijua nusu. Ni Mwanzo 38, na nusu wanayoijua inakomea mstari wa 10, pale Bwana anapomuua Onani kwa sababu ya mbegu alizomwaga chini. Kwenye semina za vijana, mikesha ya Ijumaa na mahubiri ya viwanjani, mistari hiyo ndiyo fimbo ya kumchapia anayejichua: Mungu alishaua mtu kwa punyeto, basi nawe jiangalie. Vijana wenyewe wameligeuza jambo kuwa utani, wakabuni chama cha kufikirika kiitwacho CHAPUTA na kugawiana vyeo hadi uenyekiti, lakini utani huo ni wa mchana. Usiku, kijana aliyeokoka huomba toba ileile kwa mara ya mia, akiamini kwamba hukumu yake imeshaandikwa. Ninachodai hapa ni kwamba mstari ule umebebeshwa mzigo usio wake. Ukisomwa kwa haki, bado una neno la kutuambia juu ya punyeto, ila si hilo linalohubiriwa.

Msomaji wa Tanzania hana udhuru wa kuikosea hadithi ya Onani. Kaka yake, Eri, amekufa bila mtoto. Baba yao, Yuda, anamwagiza Onani aingie kwa mjane, Tamari, ili marehemu apate uzao, na desturi hiyo baadaye ikawekwa kuwa sheria katika Kumbukumbu la Torati 25. Huku kwetu jambo hilo halihitaji kamusi. Anayetoka Mara anajua kurithi mjane ni nini, na akiwa Mkurya ameiona hata nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili mji wake usikose mrithi. Mtu wa namna hiyo, hata kama sasa amepanga chumba Tandika, anaelewa mara moja kilichokuwa kikiendelea. Onani alikuwa anapiga hesabu ya mirathi. Biblia yenyewe inasema alijua mtoto hatakuwa wake. Na mtoto wa marehemu akizaliwa, fungu la mzaliwa wa kwanza linampita. Kwa hiyo akakikubali kitanda na kukikataa kizazi, tena si mara moja, bali kila alipomwingilia. Alimdhulumu marehemu jina, akamdhulumu mjane mtoto ambaye angemlinda uzeeni, huku watu wote wakimwona ni shemeji anayetimiza wajibu.

Tena hakuwa peke yake chumbani. Alichokifanya ni kile ambacho wanandoa wengi wanakiita kumwaga nje na kukihesabu kuwa njia ya uzazi wa mpango. Kama kosa ni mbegu kuanguka chini, basi mzee wa kanisa mwenye watoto wanne na mkewe, wasiotaka wa tano, wanamkaribia Onani kuliko kijana aliyejifungia bafuni. Lakini sijui mahubiri yanayowatishia wazee wa kanisa kifo cha ghafla. Na binti je? Yeye hana mbegu ya kumwaga, wala hadithi hii haina hata nusu sentensi inayomgusa, lakini naye husomewa mstari uleule.

Sheria ya Musa inapogusa kutokwa na manii moja kwa moja, sauti yake ni tulivu kuliko ya mhubiri. Mambo ya Walawi 15 inasema mwanamume aliyetokwa na shahawa aoge mwili wote, naye atakuwa najisi hadi jioni. Mstari wa 18 unatoa agizo hilohilo kwa mume na mke waliolala pamoja. Sadaka haitajwi, ingawa sura hiyohiyo inamtaka mwenye ugonjwa wa kisonono apeleke hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Torati haikuuliza manii yametokaje. Mkristo aliyekulia nyumba ya kupanga Temeke, wapangaji Waislamu kushoto na kulia, anaijua tofauti hii bila kufundishwa chuo cha theolojia: mwenye janaba huoga kisha akaswali, wala hakuna anayemwita mwenye dhambi kwa sababu ya janaba peke yake. (Haki isemwe: masheikh wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wanaiharamisha punyeto yenyewe, lakini ushahidi wao wanautoa katika Suratul Muuminun, hawautoi katika hukumu za janaba.)

Basi woga huu umetoka wapi? Sehemu yake ni ya kale. Katika karne ya 13, mwanatheolojia Thomas Aquinas aliiweka punyeto miongoni mwa dhambi zilizo kinyume cha maumbile, na katika mpangilio wake kundi hilo ni zito kuliko uzinzi na hata ubakaji, kwa hoja kwamba mbakaji humkosea jirani, ilhali huyu humkosea Mungu aliyeyaweka maumbile. Mizani inayompa nafuu mbakaji kuliko mtu aliye peke yake ina kasoro, hata akiishika mtakatifu. Lakini vitisho vinavyosikika Dar es Salaam, vya upofu, wazimu, mgongo kuisha na nguvu za kiume kukauka, havitoki kwa Aquinas. Vinatoka London, mwanzoni mwa karne ya 18, katika kijitabu kilichochapwa bila jina la mwandishi kikiitwa Onania. Kijitabu hicho kilihubiri moto wa jehanamu, kikaorodhesha magonjwa, halafu kikatangaza dawa za kununua. Mwaka 1760 daktari wa Lausanne, Samuel-Auguste Tissot, aliivalisha hofu hiyo koti la kitabibu, nayo ikaenea Ulaya na Marekani. Kufikia 1864 Ellen White, mwanzilishi mwenza wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, aliwaandikia akina mama kuwaonya juu ya magonjwa hayohayo. Tiba ya kisasa haina ushahidi kwamba punyeto hupofusha au hutia wazimu, lakini maneno ya Tissot yangali barabarani. Angalia nguzo za umeme kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala Rangi Tatu: karatasi za nguvu za kiume, namba ya simu chini, na punyeto katika orodha ya visababishi. Anayezibandika hajawahi kusikia habari za Lausanne, ila biashara ni ileile ya London: mtishe kwanza, kisha muuzie.

Na baadhi ya makanisa yetu yameongeza cha kienyeji. Anayeshindwa kuacha huambiwa ana jini mahaba, au ameolewa na mume wa kiroho, naye hupangiwa siku za maombezi. Jini mahaba ni mgeni wa zamani wa pwani, aliyekuwa akipungwa kwa ngoma na ubani kabla ya vipaza sauti vya kilokole. Sasa amebatizwa kwa ajili ya kazi hii. Ubaya wa mafundisho hayo ni kwamba yanamwondolea mtu hiari yake, kisha yanamlaumu kwa kuitumia vibaya.

Wakatoliki watasema kwamba hoja yao haikusimama juu ya Onani, nao wana haki. Mwaka 1975 idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko, Persona Humana, lililokubali kwamba huenda haiwezi kuthibitishwa kuwa Maandiko yanaitaja dhambi hii kwa jina; likasema hata hivyo kwamba mapokeo ya Kanisa yameielewa kuwa imo katika maonyo ya Agano Jipya dhidi ya uchafu. Msingi ni kwamba uwezo wa uzazi una lengo, na lengo hilo liko katika ndoa. Katekisimu ya mwaka 1992, kifungu 2352, inaendelea kukiita kitendo hiki kosa zito, lakini papo hapo inamtaka anayehukumu apime ukomavu wa mhusika, nguvu ya mazoea na wasiwasi wa moyo, kwa kuwa mambo hayo yanaweza kupunguza hatia, hata kwa kiasi kikubwa. Hoja hii inaheshimika kwa sababu inalipa gharama yake: anayeishika anakataa pia vidonge, kondomu na kumwaga nje. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wanaoruhusu uzazi wa mpango hawawezi kuiazima nusu. Waanglikana waliufungua mlango huo, kwa masharti, katika mkutano wa Lambeth wa 1930. Huwezi kumwambia mwenye ndoa kwamba tendo linaweza kutengwa na uzazi, kisha ukamwambia kapera kwamba kosa lake ni kulitenga tendo na uzazi.

Litakuja pingamizi la pili, tena lenye nguvu zaidi: Biblia haikutaja bangi wala kamari ya simu, je, ni halali? Kimya si kibali. Ni kweli, na Yesu katika Mathayo 5 alisema anayemtazama mwanamke kwa kumtamani ameshazini naye moyoni. Hapa ndipo mahali pa kusimama, si kwa Onani. Lakini tuisome vizuri. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo linalotumika katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya amri ya kumi, na Kiswahili chetu kimelihifadhi vema: usitamani. Amri ya kumi haikatazi kuona kwamba ng'ombe wa jirani kanona. Inaukataza moyo kupanga kumtwaa. Kadhalika Yesu hasemi kwamba mwili ukiamka umezini. Anamsema mtu anayemchukua mwenzake moyoni na kumfanya wake bila yeye kuwapo, bila ridhaa yake, kama mali. Kilicho kibaya katika tamaa hiyo ni dhuluma.

Na dhuluma ndiyo iliyomuua Onani. Mistari miwili ambayo wahubiri wanaiunganisha kwa uzi mbovu inaungana kweli, ila kwa uzi mwingine. Ukiipima punyeto kwa mizani hiyo, matendo yanayofanana kwa nje hayatoki na uzito mmoja. Kijana wa miaka 15 anayeugundua mwili wake hajamdhulumu mtu, na sioni andiko la kumhukumu. Mume anayemgeuzia mkewe mgongo kwa miezi, simu mkononi chini ya shuka, amemdhulumu, na Paulo katika 1 Wakorintho 7 anatumia lugha ya kunyimana. Anayejilisha picha za ngono ananunua miili ya watu asiojua waliingiaje humo, wengine kwa njaa, wengine kwa video iliyovujishwa na mpenzi wa zamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza, lakini dhamiri ya Mkristo haina budi kumuuliza pia anayetazama. Na yule ambaye mazoea yamemshika hadi hawezi kukaa na watu, Paulo alishasema katika 1 Wakorintho 6 kwamba hata kilicho halali kisimtawale mtu. Huyo anahitaji mshauri na usingizi wa kutosha. Kumwekea mikono kila Jumapili huku ukimtaja kwenye kipaza sauti ni kumwongezea minyororo.

Wapo watakaosema kwamba kufundisha hivi ni kulegeza kamba, na kwamba hofu angalau inazuia. Kama hofu ingezuia, toba ile ya mara ya mia isingekuwapo. Kilichopotea ni mafundisho. Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii ya Temeke na Kinondoni, walikuwa na jando na unyago, ambamo mwili ulisemwa kwa jina lake na watu wazima waliopewa kazi hiyo. Wamisionari wengi waliviona vitu hivyo ni ushenzi mtupu, ingawa Askofu Vincent Lucas wa Masasi alijaribu kuvipa sura ya Kikristo badala ya kuvifuta. Mjini tumebakiwa na kitchen party, inayomfundisha bibi harusi wiki chache kabla ya ndoa mambo aliyoyahitaji miaka 15 kabla. Kaka zake hawana hata hiyo. Wana nguzo ya umeme.

Ndiyo maana inafaa Mwanzo 38 isomwe hadi mwisho. Baada ya Onani kufa, Yuda anamwambia Tamari akae nyumbani kwa baba yake mpaka Shela, mtoto wa mwisho, akue. Shela anakua, na Yuda yuko kimya. Mzee ana neno lake, ana mifugo, ana heshima ya mji, na anamweka binti akingoja bila mwisho. Tamari anajifunika ushungi, anakaa njiani, anachukua mimba ya mkwe wake mwenyewe, na Yuda, asiyejua, anaamuru achomwe moto. Ndipo anapoonyeshwa pete yake na fimbo yake. Hukumu ya sura nzima iko mstari wa 26, na anayeitoa ni Yuda mwenyewe: mwanamke huyu ana haki kuliko mimi, kwa sababu sikumpa Shela, mwanangu. Mstari huo hausomwi kwenye semina za vijana. Paulo alisema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Sisi tumeweka mahari inayolipwa kwa mkopo, kamati ya harusi, kadi za michango na ukumbi wa Mwenge, tukamwambia kijana wa miaka 30 anayeuza vocha angoje mpaka Shela akue, na asiwake.