Kisichoonekana Si Lazima Kiwe Uchawi



Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni njia panda. Magari yatokayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hupita hapo mchana na usiku. Lakini wakazi walio wengi kuliko wote mahali pale hatuwaoni kwa macho. Ni vijidudu, vilivyojaa udongoni, majini, na hata miilini mwetu. Mwenyezi Mungu hakuviumba bure.

Ng'oeni mharage mtazame mizizi yake. Mtaona vifundo vidogo. Ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea peke yake hauwezi kuitumia, na kuigeuza kuwa chakula chake. Mmea nao huwalisha sukari. Ng'ombe naye asingenufaika na majani makavu pasipo vijidudu vya tumboni mwake. Wala maji ya ndizi hayawi pombe, wala zabibu haziwi divai ya altare, bila vijidudu vya hamira. Ndiyo maana Bwana wetu aliweza kuufananisha Ufalme wa mbinguni na chachu: yenyewe imefichika, kazi yake yaonekana.

Hata hivyo, vipo viletavyo msiba. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa migomba uliingia mkoani Kagera. Bakteria wake huenezwa na wadudu wanaotua mauani, na kwa panga lisilosafishwa. Mwezi Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa humo humo Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa na 8 walidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi mwaka huo ugonjwa ulitangazwa kwisha.

Kwa nini twayakumbusha haya? Kwa sababu mgomba unaponyauka, au watu wa nyumba moja wanapofuatana kaburini, wangali wapo waulizao, "Nani ametuloga?" Ndipo kidole humwelekea jirani, mara nyingi mama mzee asiye na mtetezi. Kumsingizia hivyo ni kuvunja amri ya nane. Na wengine wamekwisha kuivunja na ya tano juu yake.

Tena masingizio hayajaponya mgomba hata mmoja. Kinachosaidia ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni, na kung'oa shina lililougua. Na penye homa ya namna ile, ni kunawa mikono, kuwahi zahanati, na kutoigusa maiti. Kuwaachia wauguzi wenye kinga wamzike mpendwa wetu si kumtupa. Ni kuwalinda aliowaacha.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu mambo haya jioni nyumbani. Mungu aliyeumba tembo na kijidudu atujalie akili ya kuvijua viumbe vyake, na moyo usiomhukumu jirani kwa jambo asilolitenda.