Dhima ya Mchomeleaji

Huku Sibwesa, mkoani Katavi, mimi hujiuliza iwapo dhima ya fundi mchomeleaji hukoma alipwapo ujira. Kwani katika mitambo ya mvuke, kama ile ya kituo cha umeme cha Kinyerezi II hapa kwetu Tanzania, mabomba ya chuma yakaayo miaka mingi katika joto kali huvutika polepole, na yale yafanyayo kazi katika nyuzi 500 na zaidi aghalabu hupasuka si katika mshono wenyewe, bali kandoni mwake, katika ukanda mwembamba uliodhoofishwa na joto la kuchomelea, ambamo vitundu visivyoonekana kwa macho huungana hata vikawa ufa.

Aliyepuuza kulipasha bomba moto kwa kipimo, kabla na baada ya kazi, huweza kukabidhi kiungo king'aacho, na madhara yakamfika kijana ambaye siku ile hajazaliwa. Hiyo, kwa itikadi yangu, ni khiyana ya amana, hata pasipo kadhi wa kumhukumu.