Mboji ya Bure

Hapa Buluk, kama mitaa mingi ya Juba, taka zinatupwa pamoja: maganda, majani ya mboga, betri, makopo ya rangi, simu mbovu. Mtu akisema tuziozeshe tupate mboji ya kupandia sukuma, nani atakataa?

Lakini tuulizane. Ganda linaoza. Risasi iliyomo kwenye betri ya gari haiozi, na kadimiamu haiozi. Lundo likinywea, madini haya hubaki yale yale ndani ya mboji iliyopungua, kwa hiyo yanazidi makali. Sisi tuliokimbia risasi ya bunduki tunaijua kwa mlio. Hii nyingine haina mlio wala harufu, na iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha.

Mwaka 2007 UNEP ilitoa matokeo ya watoto 328 waliopimwa karibu na jalala la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika.

Wengine watasema mwenye njaa hachagui. Sawa, lakini anayetoa anaweza kuchagua, na wajibu unaanzia kwake. Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kugawa mboji ya taka za mji, ipimeni maabara, mtusomee majibu.

Na sisi je? Sisi pia ni watoaji. Betri ikae peke yake. Anayeitupa kwenye ndoo ya maganda anamlisha mtoto wa jirani kitu ambacho wake mwenyewe hawezi kumpa.