Kadari na Kadiri ya Tairi

Mvua ya kwanza ya masika inapopiga lami ya Darajani, Unguja, baada ya jua la kaskazi, vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya njia kwa wiki nyingi hulowana pamoja yakawa utelezi. Saa hiyo chukua gari kama Toyota Mark X, lenye injini ya zaidi ya nguvu farasi 200, na nguvu hizo zikipelekwa matairi ya nyuma. Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafla, matairi huzunguka bure na mkia wa gari ukahama upande. Likimkuta mpita njia, neno la kwanza kutufika mdomoni ni ajali, na la pili ni kwamba haina kinga. Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ni muda uliowekwa, na hasa ukomo wa uhai wa mja. Kiswahili kimelitwika mizigo miwili: ukomo ule asioujua ila Mungu, na mgongano wa magari ambao sababu zake fundi yeyote wa gereji anaweza kuzionesha kwa kidole. Kuchanganya mizigo hii, naona, ni kosa la itikadi kabla ya kuwa kosa la udereva. Na kujifunza jinsi tairi linavyoshika njia ni namna moja ya kuisoma kadari yenyewe.

Kadari na kadiri ni ndugu wa mzizi mmoja, na Qur'ani, katika sura ya Al-Qamar aya ya 49, inaeleza kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Basi tukitazame kipimo cha tairi. Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huisukuma njia kwa nyuma, na njia ndiyo inayolirudishia gari msukumo wa kwenda mbele. Njia isipopokea, nguvu zote zile huishia kelele na moshi wa mpira. Nayo hupokea kwa kadiri ya uzito unaolikandamiza tairi na hali ya mpira na lami vinapogusana. Lami kavu huweza kupokea msukumo wa karibu asilimia 80 ya uzito ule. Ikilowa, huenda ikabaki nusu ya hapo. Gari likiondoka kwa kasi, uzito huhamia nyuma: gari la kilo 1,500, lenye mita 2.7 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma na kitovu cha uzito kilicho sentimita 55 kutoka ardhini, likiongeza mwendo kwa nusu ya mvuto wa dunia, huyaongezea matairi ya nyuma mzigo wa karibu kilo 150. Ndiyo maana pua ya gari huinuka, na ndiyo maana gari lenye nguvu nyingi mara nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini msaada huo humfikia anayekanyaga kwa upole. Tairi likishaanza kuteleza, mshiko wake hupungua kuliko lilipokuwa likibingirika, gari huongeza mwendo kidogo tu, na uzito huhama kidogo. Difu la kawaida, linalogawa nguvu baina ya gurudumu la kulia na la kushoto, nalo halilipi gurudumu lililo kwenye lami zaidi ya linavyoweza kupokea lile lililo kwenye mchanga. Na kwenye kona, mshiko ule ule mmoja unadaiwa kugeuza na kusukuma kwa pamoja. Hata kifaa cha kielektroniki cha kuzuia utelezi hakiongezi mshiko hata chembe: hupunguza nguvu ya injini, au hulipiga breki gurudumu linalozunguka bure, mpaka madai yalingane na kipimo.

Mwanafunzi wa elimu ya tauhidi atapinga hapa, na hoja yake ni nzito. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake; Mungu ndiye anayeumba kuungua, na kufuatana kwa mambo mawili hayo ni ada tu aliyoipitisha. Ibn Rushd alimpinga vikali baadaye, akiona kwamba anayekana sababu anakana na elimu. Katika kisiwa hiki, ambacho Masunni wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na itikadi ya al-Ashari, aliyoifuata al-Ghazali, imesomeshwa kwa vizazi, mtu anaweza kuuliza: kama tairi halishiki kwa nguvu zake, kulibadilisha kuna maana gani? Jibu limo kwa al-Ghazali mwenyewe. Katika mlango wa tawakali wa kitabu chake Ihya, anamhesabu mtu aliyewekewa chakula mbele yake asiunyooshe mkono kuwa na wazimu, wala hamhesabu kuwa na tawakali. Ada ya Mungu haichezewi. Yule mtu aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Na Sayyidna Umar, aliporudi njiani kwa sababu ya tauni ya Sham na kuulizwa na Abu Ubayda kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Mpira uliochakaa ni kadari, na mpira mpya pia ni kadari.

Pingamizi la pili linatoka barabarani, nami naliona kali kuliko la kwanza. Mpe dereva matairi mazuri na difu linalofunga, naye ataongeza mwendo hadi hatari irudi pale pale. Ni kweli, na hutokea. Lakini linachothibitisha ni kwamba kadiri ya mwisho kupimwa ni ya mguu wa dereva, na mguu huo una hesabu yake mbele ya Mungu. Kwenye barabara ya msitu wa Jozani yaliwekwa matuta ili magari yasiwaue kima punju. Waliojenga matuta yale hawakusema wanyama wale wamefikiwa na ajali zao. Ni vigumu kuona kwa nini kima apewe hoja ambayo mtoto anayetoka chuoni Michenzani ananyimwa.

Kila tairi limeandikwa ubavuni tarakimu 4: mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira hukauka na kuwa mgumu kwa miaka hata kama kashata za uso wake bado ni nene, na gari likinunuliwa limetumika, umri wa matairi haujulikani kwa kuutazama mpira tu. Basi ndugu yangu mwenye gari, kabla ya masika inama uzisome tarakimu zile, upime upepo, na tairi la kipara ulitoe. Nanyi makhatibu wa Unguja, itengeni hotuba moja ya Ijumaa mtufunulie tofauti ya ajali na ajali.