Fahali Wawili na Zizi Moja

Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii hutajwa zaidi pale wakubwa wawili wanapogombea cheo. Lakini maana yake ni pana, na siku hizi hudhihirika hata ndani ya kompyuta.

Ichukuliwe kuwa huko Igowole, katika wilaya ya Mufindi, nchi ya baridi na mashamba ya chai, pana kompyuta moja itumiwayo na watu wawili. Wa kwanza aliandika mwaka 2021 programu ya kujumlisha kilo za majani mabichi ya kila mkulima. Wa pili anaandika yake ya kuchora vipimo vya mvua. Wote hutumia lugha ya Python, na wote hutegemea maktaba, yaani akiba ya kanuni zilizokwisha kuandikwa na wengine. Maktaba yao ni moja, iitwayo pandas. Matoleo wayatakayo ni mawili. Toleo la 2.0, la Aprili 2023, liliondoa amri ya append, iliyokuwa ikiongeza safu katika jedwali. Onyo lilitolewa tangu 2022, ila halikumfikia mwenye programu iliyokuwa ikifanya kazi vema. Ghala la kawaida la Python lina nafasi ya toleo moja tu la kila maktaba. Mwenye mvua akiweka jipya, la zamani huondoka, na hesabu ya chai husimama. Aliyedhuru hana habari, aliyedhurika hakuwapo.

Haki ni ya nani? Wako wasemao jipya litawale, na kila mtu ajirekebishe. Hoja yao ina nguvu, maana kisichotunzwa huharibika: Python 2 iliachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na kasoro zionekanazo baadaye waliyoitengeneza hawazizibi. Lakini kumlazimisha mtu avunje kazi iliyo sahihi, kwa kuwa jirani amepata kitu kipya, ni kuyageuza maendeleo kuwa fimbo. Wengine husema kila kitu kibaki kilivyo. Hao nao humnyima wa pili haki ya kuanza.

Hekima ni kujenga mazizi mawili. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina chombo kiitwacho venv, kiipacho kila kazi chumba chake na maktaba zake. Gharama yake ni nafasi zaidi katika diski, na taabu ya kuorodhesha kila maktaba pamoja na namba ya toleo lake. Taabu hii haiepukiki, kwa kuwa chumba kisicho na orodha humwacha gizani mrithi wake. Wala chumba hakifuti deni la kurekebisha programu ya zamani. Humpa mdaiwa muda alilipe baada ya kujaribu kwa utulivu, badala ya kulipa kwa ghafula siku wakulima wanaposubiri hesabu yao.

Basi agushaye kitu cha shirika hugusa kazi ya asiyekuwapo, na adabu humtaka aulize kwanza ni nani mwingine akitegemeaye.